Shangazi, fomu ya kustaafu iko kwenye droo: nijaze sasa au nisubiri 60?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 56. Ni fundi sanifu wa maabara hospitalini, kazi niliyoianza nikiwa na 25, na tangu hapo nimesimama kwenye benchi lile lile, ingawa mashine za juu yake zimebadilishwa mara nne. Kanuni za ajira yetu ziko wazi: ukifika 55 unaruhusiwa kuomba kustaafu kwa hiari, ukifika 60 unatoka utake usitake. Fomu ya hiari niliichukua utumishi mwaka jana. Imo kwenye droo yangu, chini ya boksi la glavu. Nimejaza jina na namba ya ajira, kalamu ikagoma.

Kilichonipeleka kuichukua ni jambo dogo. Asubuhi moja nilipokea mirija ya damu, nikasoma namba ya mgonjwa kwenye lebo, nikaandika 6 mahali palipokuwa na 8. Niligundua mwenyewe nilipoinua mrija kwenye mwanga kuhakiki, kabla majibu hayajatoka. Hakuna aliyedhurika wala aliyejua. Lakini tangu siku hiyo kila lebo naisoma mara tatu, na kijana ninayefanya naye kazi, ambaye nilimfundisha mimi, anamaliza trei yake mimi niko nusu. Hanisemi. Anakuja kimya kimya, anavuta trei yangu upande wake na kuniambia, "Mama, pumzika kidogo." Bora angenisema.

Nyumbani, mume wangu ana 67, alistaafu miaka saba iliyopita. Goti la kulia linamsumbua ila bado anatembea vizuri. Tuliahidiana kwamba siku nikitoka kazini tutazunguka kuwaona watoto na ndugu, tukae wiki mbili tatu kila mahali bila kuhesabu siku za likizo. Kila mwaka ninamwambia "bado kidogo", naye anaitikia "sawa". Sawa ya mwaka huu ilikuwa fupi kuliko ya mwaka jana.

Ushauri ninao mwingi, ndiyo shida yenyewe. Kaka yangu, mzaliwa wa 1961, anaishi Ujerumani na bado anafanya kazi. Anasema huko watu wanakwenda mpaka 67, mimi wa 56 nimechoka nini? Mwenzangu wa kazini anasema Uchina wanawake wanastaafu na 50, kwa hiyo mimi nimeshapitiliza. Binti yangu mkubwa anasema nikae nyumbani nipumzike, tena ana mtoto mchanga, kwa hiyo nadhani naelewa maana ya kupumzika anakokusema.

Hesabu zangu ni hizi. Mfuko wa hifadhi ya jamii umeniandikia makadirio: nikitoka sasa, pensheni ya mwezi itakuwa kama asilimia 45 ya mshahara wangu, pamoja na mkupuo, zile fedha za kulipwa mara moja. Nikisubiri 60, itakuwa kama asilimia 52, na mkupuo utaongezeka kidogo. Nina mkopo unaokatwa kwenye mshahara, umebakiza miezi 22. Kitinda mimba wangu yuko chuoni, amebakiza miezi 14.

Naomba uniambie, Shangazi: umri sahihi wa kuacha kazi ni upi?

Mwenye Droo

*

Marahaba.

Umeniita shangazi na jina nalipokea, ila nina miaka 71, kwa hiyo kwa hesabu za nyumbani wewe ni mdogo wangu. Na ni vizuri ujue umri wangu tangu mwanzo, maana nitaurudia.

Jibu langu ni 58. Usitoke sasa, na usisubiri 60.

Kwanza tuwaondoe hawa washauri wako wa nchi za mbali. Kaka yako anasema kweli nusu. Ujerumani umri kamili wa pensheni unapanda polepole kuelekea 67, na 67 yenyewe ni ya waliozaliwa 1964 na kuendelea. Yeye wa 1961 anapaswa kufika miaka 66 na miezi sita. Halafu kuna jambo ambalo labda hakukuambia: huko mtu aliyetimiza miaka 35 ya michango anaweza kutoka tangu akiwa na 63, akubali kukatwa asilimia 0.3 ya pensheni kwa kila mwezi aliowahi. Maana yake, kama miaka yake ya michango imetimia, kaka yako naye ana fomu yake kwenye droo. Yuko kazini kwa sababu amepiga hesabu na kuchagua. Mwulize hizo hesabu zake, acha kumuuliza kuhusu uchovu wako.

Huyo wa Uchina anakupa habari ya zamani. Kwa miongo mingi ilikuwa hivyo: wanaume 60, wanawake wa ofisini 55, wanawake wa viwandani 50. Tangu Januari 2025 wameanza kupandisha, kidogo kidogo kwa miaka 15, mpaka wanaume wafike 63 na wanawake 58 na 55. Sababu hawaifichi: wazee wameongezeka, vijana wanaoingia kazini wamepungua, na pensheni ya mzee wa leo inatokana na michango ya kijana wa leo.

Ukiangalia dunia nzima utaona hiyo ndiyo hadithi yenyewe, karibu kila mahali. Denmark mwaka 2025 bunge lao lilipitisha kwamba umri utafika 70 mwaka 2040. Ufaransa mwaka 2023 serikali ilipandisha kutoka 62 hadi 64, watu wakajaa barabarani wiki kwa wiki. Kenya watumishi wa umma walikuwa wakitoka na 55 mpaka mwaka 2009, ikawa 60. Tanzania ni kama kwenu, 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Uturuki nao wakaenda kinyume na wote: mwaka 2023 waliwaondolea kabisa sharti la umri wale walioanza kuchangia kabla ya tarehe 9 Septemba 1999, ilimradi miaka na siku zao za michango zimetimia. Sasa niambie, mwili wa binadamu unazeeka kwa kasi moja Ankara na kasi nyingine Copenhagen? Hizo ni namba za wizara ya fedha. Zinaonyesha serikali inaweza kulipa wangapi kwa muda gani, na hazikuwahi kupima macho yako wala goti la mumeo.

Huwa nawakumbusha watu namba hizi zilianzaje. Mwaka 1889 Ujerumani, chini ya kansela wake Bismarck, ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee kwa wafanyakazi, umri ukawekwa 70. Wengine watakuambia ilikuwa 65 na kwamba aliichagua kwa sababu ulikuwa umri wake mwenyewe. Si kweli. Yeye wakati huo alikuwa na 74, na 65 ilikuja mwaka 1916, ameshakufa zamani. Uingereza walipoanza kulipa pensheni mwaka 1909 nao waliweka 70. Waliofika umri huo enzi hizo walikuwa wachache, ndiyo maana hazina iliweza.

Kuna kitu kimoja cha maana cha kuokota kwenye sheria za wenzetu. Nchi nyingi zimetenganisha mambo mawili ambayo kwako yamefungwa pamoja: siku ya kuacha kazi na siku ya kuanza kupokea pensheni. Japani umri wa kawaida wa kuanza kupokea ni 65, lakini mtu anaweza kuanza popote kati ya 60 na 75. Akiwahi anapunguziwa, akichelewa anaongezewa. Marekani mtu wa rika la kaka yako akianza na 62 anapokea pungufu kwa kama asilimia 30, na 67 anapokea kamili, na 70 anapokea zaidi kwa asilimia 24. Wao swali lao ni lini uanze kulipwa. Kwako wewe ukisaini fomu, mshahara unakoma na pensheni inaanza, basi. Hivyo ya kwao tuyaache, tushike karatasi yako.

Karatasi yako nimeisoma kwa kalamu mkononi. Tuseme mshahara wako wa mwaka ni 100. Ukitoka leo, unapokea 45 kila mwaka. Katika miaka minne mpaka ufike 60 utakuwa umeshapokea 180. Ukisubiri, utaanza kupokea 52, yaani saba zaidi kila mwaka. Ili hizo saba saba zirudishe 180, unahitaji miaka karibu 26. Utakuwa na 86. Kwa hiyo anayekuambia "subiri 60 pensheni inone" hajapiga hesabu. Mkupuo utaongezeka kidogo, umesema mwenyewe, lakini kidogo hiyo haibadilishi picha.

Faida ya kubaki ni mshahara wenyewe. Kila mwaka unaobaki unaingiza 100 badala ya 45. Hizo 55 ndizo zinazobeba mkopo na ada ya chuo. Ukitoka leo, mkopo hautakusubiri. Utaukata kwenye mkupuo, na ada itafuata njia hiyo hiyo. Miezi 14 baadaye mtoto amevaa joho na mkupuo umekuwa hadithi. Ndiyo sababu nakuambia usitoke sasa. Lakini angalia: hizo sababu mbili zina tarehe ya kufa. Moja miezi 14, nyingine 22. Baada ya hapo kila mwezi unaobaki kazini unautafutia nini? Kama kuna jibu zuri, sawa, baki. Kwenye barua yako sikuliona.

Nilichokiona ni mumeo.

Uliandika miaka yako kwanza, ya kwake ukaipitia haraka. Ana 67. Ukingoja 60, atakuwa na 71, umri wangu huu. Mimi siumwi, namshukuru Mungu. Lakini nikiwa na 67 nilikuwa nasafiri usiku kucha nimekaa, asubuhi nashuka nabeba mzigo wangu mwenyewe. Leo safari ya saa tano naipanga kama harusi: kiti cha pembeni, dawa kwenye mkoba mdogo, na lazima nijue choo kiko wapi. Ngazi nilizokuwa nikizipanda huku naongea, sasa nanyamaza mpaka nifike juu. Hakuna siku niliyoanguka wala daktari aliyenikataza. Ni miaka minne tu imepita. Na mimi magoti yangu mawili ni mazima.

Watu wakipima muda uliobaki huangalia wastani wa umri wa kuishi unaotangazwa, wakaogopa au wakajidanganya. Wastani ule ni wa mtoto anayezaliwa leo, na ndani yake kuna vifo vya watoto wachanga na vya vijana. Wewe umeshavuka hivyo vyote, kwa hiyo miaka iliyo mbele yako ni mingi kuliko namba ile inavyoonyesha. Fedha zako zipange kwa miaka 30, usizipange kwa kumi. Ila safari zenu msizipange kwa miaka 30. Miaka ambayo wote wawili mtakuwa na miguu ya kuzunguka nyumba za ndugu ni michache kuliko miaka ya kuishi, na inapungua kwa upande wa aliye mkubwa. Fomu ukishaisaini hairudi, hilo unalijua, ndiyo maana kalamu inagoma. Goti nalo halirudi, na halina fomu.

Kuhusu lebo: nenda kapime macho wiki hii. Sisemi kwa mzaha. Mtu wa miaka 56 anayechanganya 6 na 8 kwa karibu, huku akiona vizuri mrija akiuinua kwenye mwanga, jambo la kwanza la kufikiria ni miwani na taa ya benchi, kabla ya kufikiria kustaafu. Nimewahi kumwona mwanamke mzima akiacha kazi aliyoipenda kwa kuwa hakutaka kuvaa miwani. Ukipata miwani na bado unachelewa, utajua ni uchovu, na utakuwa umeutenganisha na aibu. Na lebo isome mara tatu, ndiyo, hata ukipata macho ya mwewe. Huyo kijana anayevuta trei yako mpe kazi ya kuhakiki namba zako nawe uhakiki zake, mbele ya wote, kama utaratibu wa benchi. Ukiificha itakutafuna mpaka siku ya mwisho, na siku ya mwisho haitakuwa nzuri.

Sasa ya kufanya katika hii miezi, kwa namna nilivyojifunza, nyingine kwa kuumia.

Kuanzia mshahara ujao, chukua asilimia 45 useme hii ndiyo pensheni, tunaishi humu. Kila kinachobaki juu yake kiende kwenye makato ya mkopo na ada, na kikizidi, kiende kulipa mkopo kabla ya muda, kama aliyekukopesha anaruhusu bila faini. Fanya hivyo miezi minne mfululizo bila kudanganya. Mwezi wa kwanza utakuwa mwepesi kwa sababu ya ari. Wa tatu ndio utakaokuambia ukweli. Mkishindwa, tarehe inasogea mbele, na hakuna ubaya. Mkiweza, mkopo huenda ukaisha karibu na mahafali ya huyo kitinda mimba.

Nenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ukachukue taarifa ya michango yako yote, mwezi kwa mwezi, tangu ulipoanza. Pitia kwa rula. Miezi iliyorukwa huonekana kama jino lililong'oka, na kuitafuta ukiwa bado unaingia lango la mwajiri ni rahisi kuliko kuitafuta ukiwa umeshika bahasha nje. Linganisha tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye faili na ile ya kitambulisho. Uliza bima ya afya inakoma siku gani kwa anayetoka kwa hiari na kama mumeo amo ndani yake. Uliza pia kama pensheni hupandishwa bei zikipanda, maana 45 ya leo isiyosogea haitakuwa 45 ukiwa na miaka 75. Majibu ya haya mawili ya mwisho ndiyo pekee yanayoweza kunifanya nibadilishe 58 niliyokuambia. Ukikuta bima inakatika, niandikie tena.

Mkupuo ukija, usimtangazie mtu, na usiufanyie kitu miezi sita. Mimi nilistaafu na 60, na mwezi wa pili nilikuwa nimenunua gari la kukodisha. Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu. Sijui hata injini inafunguliwa wapi. Lakini mtu wa karibu aliniambia gari halilali njaa, nami nilikuwa nimekaa nyumbani siku 40 nikisikiliza saa ya ukutani, nikaona heri nifanye kitu nionekane bado ni mtu. Mwaka na nusu baadaye gari lilikuwa juu ya mawe, matairi yameuzwa, na kuku wamelitagia. Kilichonipeleka kwenye lile gari hakikuwa tamaa. Ilikuwa ni ile saa ya ukutani. Kwa hiyo kabla hujatoka ujue Jumatatu ya kwanza asubuhi unaamkia wapi. Ninyi mna bahati, safari mnazo. Ya kwanza ianze wiki ile ile, mifuko ifungwe kabla ya hafla ya kuagwa.

Halafu binti yako. Mjukuu ni raha, nami ninao saba. Lakini "kaa nyumbani upumzike" kwa mdomo wa mwenye mtoto mchanga ni ajira mpya isiyo na likizo, na umeshaielewa mwenyewe, nimecheka nilipofika hapo. Zungumza naye mapema, taja wiki ambazo utamsaidia, na wiki zilizobaki ziwe za baba yake. Akikasirika, atapoa.

Kesho itoe fomu chini ya boksi la glavu. Pale kwenye nafasi ya tarehe ya kuacha kazi andika kwa penseli siku yako ya kuzaliwa ya 58. Usiipeleke utumishi, ipeleke nyumbani, umwonyeshe mzee tarehe hiyo. Kisha nyamaza usikie sawa yake ina urefu gani.

Shangazi